Naomba, nafunga, alafu usiku narudi kubeti. Wapendwa nisaidieni

mwana_wa_changamwe
Jumatano, saa 8:14 usiku

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika usiku huu manake mchana nikianza kuandika nafuta. Niko Changamwe, nina mke na watoto wawili, nilikuwa karani wa kliaringi miaka saba mpaka ofisi yetu ikafungwa vile mizigo mingi ilianza kupanda treni moja kwa moja hadi Nairobi. Tangu hapo ni vibarua, leo niko leo sina. Sinywi, sitafuni muguka, ukiuliza mtu yeyote kanisani kwetu atakwambia huyo ni mtu wa Mungu, naimba sauti ya tatu kwa kwaya na mimi ndo mweka hazina wa kwaya. Hapo kwa mweka hazina ndo shida iko.

Nilianza na mkeka wa mpira, shilingi 50 Jumamosi basi. Sa hivi ni ile ya kindege. Kama hujui, kindege kinapaa na namba zinapanda, 1.20, 1.80, 3, unafaa utoe pesa yako kabla hakijaruka, kikiruka kabla hujatoa imeenda. Raundi moja ni sekunde tu. Nyumba yetu ni chumba kimoja, kwa hivyo huwa naenda choo cha ploti manake mwangaza wa simu unaamsha mtoto, nafunga mlango, nazima sauti, nasimama pale miguu imekufa ganzi na kidole kiko juu ya kioo. Nakuja kushtuka adhana ya alfajiri inaita.

Pesa za sare za kwaya nilikuwa nazo mimi. Watu 23, kila mtu 800, jumla 18,400. Nimebaki na 2,150. Fundi anataka pesa Jumamosi ya wiki ijayo na hakuna mtu anajua, hata mama watoto.

Sio kwamba siombi jamani. Mwezi jana nilifunga siku tatu, siku ya tatu nikafungua jioni na chai, saa tatu usiku nilikuwa nishapoteza 600. Na kuna kitu nimeona aibu kukisema hata kwa maombi, kuna usiku niliomba kwa jina la Yesu kindege kisiruke. Nilisema hayo maneno. Baada ya hapo nikaona mimi sina tena uso wa kumrudia Mungu. Jumanne nikivuka feri kwenda Likoni kwa kibarua nilisimama pembeni pale kwenye vyuma naangalia maji nikawaza mambo ambayo sitaki kuyaandika hapa.

Swali langu ni hili. Mtu aliyeokoka kweli anaweza kuwa hivi? Ama imani yangu ilikuwa ya mdomo tu miaka yote? Na nyinyi mnaoshinda majaribu, ile dakika yenyewe mnafanya nini? Sio Jumapili. Ile dakika simu iko mkononi.

---

mjoli_wa_Bwana
Jumatano, saa 11:40 alfajiri

Ndugu hiyo ni roho ya kamari imekushika, lazima ufunguliwe. Tafuta watumishi wakuwekee mikono, ingia kesha, kemea hiyo roho. Ukiwa na imani kamili hutarudi huko tena. Kama unarudi ujue kuna mlango wa shaka umeacha wazi. Ubarikiwe.

---

mama_wa_feri
Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Tumsifu Yesu Kristo mwanangu. Mimi nitaanza na hayo maji kabla ya hiyo michezo ya simu. Leo hii, sio kesho, mwambie mtu mmoja kwa mdomo wako hayo mawazo uliyowaza pale feri. Mkeo, ndugu yako, mchungaji, yeyote anayekupenda. Na kama umeshindwa na hao wote piga 1199, hiyo ni ya Msalaba Mwekundu, ni bure na mtu atakusikiliza. Na hapo Port Reitz hospitali ni karibu na wewe, wana watu wa afya ya akili, nenda hata leo mchana. Usiogope kuonekana, mimi nishakaa kwa hiyo benchi.

Sasa nikwambie yangu. Miaka sita iliyopita nilizika mwanangu wa kiume, alikuwa na miaka 19. Nilikuwa mtu wa Rozari kila jioni, lakini baada ya mazishi nilikuwa nikishika Rozari naona ni kama nimeshika kokoto. Sikulia sana, nilikauka tu. Biashara yangu ni viazi karai na bhajia, niliacha, sufuria ikashika kutu, sikuoga siku mbili siku tatu. Watu walikuwa wanakuja kunihubiria kwamba Mungu ana mpango wake, na kila aliyeniambia hivyo nilimchukia, naomba msamaha kwa Mungu lakini nilimchukia.

Alafu wakaja kina mama wa jumuiya yetu, watatu. Hawakuhubiri hata. Mmoja akawasha jiko, mwingine akaosha vyombo vilivyokuwa vimelala tangu Jumapili, wa tatu akakaa kitandani pembeni yangu akanipa mkate wa sinia na chai ya tangawizi akasema kula. Nikala. Wakasema lala. Nikalala. Kesho yake wakarudi, tena chakula. Walifanya hivyo karibu wiki mbili, wakipokezana.

Siku nyingi baadaye padre alisoma ile ya Eliya kwa 1 Wafalme 19 nikalia kanisani mpaka mtu akanitoa nje. Eliya ametoka kushinda vita kubwa ya Mungu, alafu anakaa chini ya mti jangwani anamwambia Mungu yatosha, niue. Nabii huyo mwanangu! Sio mtu wa imani ya mdomo. Na malaika alipokuja hakumuuliza imani yako imeenda wapi. Alimpikia. Mkate kwenye makaa na gudulia la maji, akala akalala, malaika akarudi tena mara ya pili, akasema kula manake safari ni kubwa kwako. Kuongea na Mungu kulikuja mbele huko, baada ya siku 40 za kutembea.

Na sisi Wakatoliki kwa Baba Yetu tunasema utuopoe maovuni. Wewe ni mtu wa Pwani unajua kuopoa. Ndoo ikianguka kisimani unaiopoa kwa kamba na kulabu, na yule anayeopoa yuko juu, ndoo haijiopoi. Lakini lazima mtu ajue ndoo iko chini. Wewe uko chini na umewaficha watu wote. Mwambie mkeo leo.

---

mtopanga_huru
Jumatano, saa 4:05 asubuhi

Kaka mimi ni wewe. Mimi nilipoteza pikipiki, tena ya mkopo, kwa hicho hicho kindege, kwa hivyo unaponiambia choo cha ploti mimi najua hata harufu.

Kwanza kwa mjoli, kwa heshima zote ndugu, hiyo ya imani kamili ilinimaliza mimi. Niliwekewa mikono mara nne. Kila nikirudi kubeti nasema basi mimi sina imani, na mtu anayejiona hana imani anabeti zaidi, manake anapoteza nini tena? Kilichonitoa ni yule baba kwa Marko 9 aliyemwambia Yesu naamini, nisaidie kutokuamini kwangu. Nusu imani hiyo, na mtoto wake akapona siku hiyo hiyo. Nikasema kumbe naweza kwenda na hii nusu yangu.

Sasa ulivyouliza, dakika yenyewe. Nitakwambia nilivyofanya mimi, usichukue kama sheria. Kwanza nililia na mke wangu, ilikuwa mbaya, alihama kwa mamake siku tisa. Aliporudi laini yangu ya pesa ikakaa kwa simu yake, mimi nikabaki na kabambe ya kupiga na kupokea. Zile akaunti za kubeti niliwaandikia watu wa huduma kwa wateja wazifunge, na nikamfanya mke asome nilichoandika kabla sijatuma, ili nisije nikajidanganya. Nikatoka kwa magrupu yote ya kupeana mikeka. Hii yote ni kazi ya mchana kaka. Usiku ule wenye tamaa usitegemee utakuwa na akili ya kuamua kitu, usiku utakuta yale uliyopanga mchana.

Alafu tamaa ikija. Inakuja kama joto, inapanda hapa shingoni, mimi ilikuwa saa nne usiku baada ya chakula. Nilijifunza kitu, haikai. Ukiipa dakika ishirini bila kuilisha inashuka. Kwa hivyo sipigani nayo nikiwa nimekaa, natoka nje, natembea mpaka barabarani narudi, nasoma Zaburi kwa sauti, sio kwa kichwa, kwa sauti, hata majirani walizoea. Zaburi 42 ndo yangu, pale anapoiuliza nafsi yake kwa nini unainama. Anaisemesha nafsi yake kama mtu anavyosemesha mtoto.

Na nilianguka. Miezi minne safi, alafu nikapata pesa ya kazi moja Bamburi, nikaazima simu ya rafiki, 3,000 ikaenda kwa nusu saa. Nikarudi kwa mke nikasema usiku ule ule. Hiyo ndo tofauti ya zamani na sasa, zamani ningeficha, na nikishaficha ningetafuta kurudisha, na kurudisha ndo kunaua. Sasa ni mwaka na miezi miwili.

Ile ya kuomba kindege kisiruke, kaka nililia nikisoma. Mimi pia niliomba. Mungu ameyasikia mabaya kuliko hayo na bado anatusikiliza.

---

mzee_kengeleni
Jumatano, saa 9:30 alasiri

Amani ya Bwana kijana wangu. Mimi ni mzee wa Kianglikana, nimezeeka hapa Kisauni, naandika polepole mnivumilie.

Unaijua ile kengele ya Frere Town, ndiyo iliyopa mahali jina la Kengeleni, magari yanapita hapo kila siku na watu hawaiangalii. Kile kijiji kilianzishwa miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliokuwa wameokolewa utumwani. Kengele ilikuwa ikipigwa kuwaonya wakionekana wafanyabiashara wa watumwa wanakuja. Sasa fikiria wewe ni mtu uliyewahi kufungwa mnyororo, ukasikia kengele. Utakaa pale ujipime kama una nguvu za kutosha? Ulikuwa unakimbia na unashika mkono wa mtoto.

Vijana wa siku hizi wamefundishwa kwamba imani ni kusimama mbele ya jaribu ukalikemea. Lakini soma Maandiko vizuri. Yusufu kwa mke wa Potifa hakukemea kitu, aliacha nguo yake mkononi mwa yule mwanamke akakimbia nje. Paulo anamwambia Timotheo zikimbie tamaa za ujanani, ni neno hilo hilo, kimbia. Na kwa Wakorintho wa kwanza, sura ya 10, anasema Mungu pamoja na lile jaribu atafanya na mlango wa kutokea. Mlango, kijana wangu, kazi yake ni miguu kupita. Mimi naona wewe umekuwa ukiomba uendelee kukaa chumba kile kile na kisikudhuru. Huyo mwenzako wa Mtopanga amekuonyesha milango mitatu minne kwa jina.

Kuhusu kukata tamaa. Pale Nyali kuna makaburi ya familia ya Krapf, yule mmisionari Mjerumani. Alifika Mombasa mwaka 1844, na Julai ya mwaka huo huo homa ikamchukua mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, ndani ya siku chache, na yeye mwenyewe yuko kitandani mgonjwa. Nilipokuwa kijana tulipelekwa pale na mwalimu wetu wa kipaimara nikasimama nikawaza, mtu huyu aliamka vipi kesho yake? Nijuavyo ni kwamba aliendelea kuandika na kutafsiri, kazi ndogo ya kila siku, na mwaka 1846 akaja mwenzake Rebmann, wakaenda kufungua kazi Rabai wakiwa wawili. Mambo hayo mawili niliyashika, kazi ndogo na mtu wa pili.

Sasa la pesa, na hapa nitakuwa mkali kidogo kwa sababu nakupenda. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya kabla fundi hajaja. Sio baada ya kuzirudisha. Unajua ni kwa nini kichwa kinakwambia subiri uzirudishe kwanza? Kwa sababu njia pekee unayoijua ya kuzirudisha haraka ni kindege. Zakayo alisimama mbele ya watu akataja hesabu. Utaona aibu, ndiyo, itakuchoma siku kadhaa. Lakini siri hiyo ndiyo iliyokupeleka kwenye vyuma vya feri, si zile 16,250.

---

baharia_old_town
Jumatano, saa 2:10 usiku

Samahani naingia mlango wa wenyewe, mimi ni Muislamu. Kwetu kamari ni haramu, imeandikwa, na bado vijana wetu hapa mtaani inawamaliza vile vile, kwa hivyo nimesoma kila neno. Kaka umesema ulikuwa karani. Mjomba wangu ana duka la jumla pale Kongowea, anatafuta mtu wa kuandika magunia yakishuka, kuanzia saa kumi alfajiri mpaka saa tatu asubuhi. Malipo ni ya siku, sio makubwa. Lakini saa kumi alfajiri utakuwa na daftari mkononi, sio simu. Nitumie ujumbe kwa siri nikupe namba. Na pesa nitamwambia amkabidhi mkeo kama utataka hivyo, hilo halina aibu.

---

mjoli_wa_Bwana
Jumatano, saa 3:00 usiku

Nimesoma majibu yote mara mbili. Ndugu naomba unisamehe, nilijibu haraka na sikugusa hata ile habari ya feri, nilipaswa kuanza nayo kama mama alivyoanza. Nimekuombea leo kwa chakula cha mchana na sasa tena. Kesha letu ni Ijumaa Magongo, sio mbali na wewe, na ukija hakuna atakayekuuliza kitu, kaa tu nyuma tukae wote.

---

mwana_wa_changamwe
Jumatatu, saa 6:50 mchana

Wapendwa samahani nimenyamaza siku tano, natumia simu ya mama watoto, yangu ameiuza kwa ruhusa yangu na hela imeingia kwa sare.

Nilimwambia Alhamisi asubuhi. Alikuwa anasonga nywele za mtoto. Nilianza na feri kama mama alivyosema, alafu kindege, alafu kwaya. Hakusema kitu, aliendelea kusonga mpaka akamaliza kichwa chote, mistari yote, mimi nimesimama tu. Alafu akasema, nilijua unaamka, nilidhani una mwanamke. Hapo ndo tukalia wote wawili. Bado hajanisamehe na sijamwambia anisamehe haraka. Lakini alinipeleka Port Reitz yeye mwenyewe, nina tarehe ya kurudi.

Kwa mwenyekiti tulienda Ijumaa jioni, Mikindani, pamoja. Njiani nilimwambia mke mara mbili turudi. Mwenyekiti ni mama mtu mzima, alinyamaza alafu akaniuliza, ni ngapi? Nikataja. Akaandika kwa karatasi. Akasema hazina nitoe mikononi mwako leo, na Jumamosi utasimama mwenyewe uwaambie wenzako, mimi sitakusemea. Nilisimama. Sauti ya tatu wote walikuwa wanaangalia chini. Mmoja aliniambia maneno makali na ana haki, yeye alikopa hiyo 800. Tumekubaliana 1,500 kila mwezi mpaka iishe, fundi amekubali kuanza na sare za akina mama. Nilisema nitatoka kwaya, mwenyekiti akasema nani amekwambia utoke, shika kitabu.

Kongowea nimeenda leo asubuhi siku ya kwanza, kaka wa Old Town Mungu akuzidishie. Ni vitunguu na viazi, lori tatu.

Usiku bado ni mgumu, sitawadanganya. Jana saa nane niliamka kama kawaida na mkono ukaingia chini ya mto kutafuta simu kabla hata macho hayajafunguka, haipo. Nikatoka nje nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale karibu na bomba. Nikaanza Baba Yetu, nikafika usitutie majaribuni nikasimama. Miaka yote nimeisema na sijawahi kusikia hiyo “tu” ya usitutie. Sio usinitie. Nikawataja mmoja mmoja, mtopanga, mama, mzee, mjoli, hata baharia sijui kama inafaa lakini nilimtaja, na wote wanaosimama kwa vyoo vya ploti saa hiyo na simu. Nilichukua muda mrefu. Nikarudi kulala.

Mama, kesho ni Jumanne, nitavuka tena, nina kibarua Likoni mchana. Hizo bhajia unapikia upande gani?

---

mama_wa_feri
Jumatatu, saa 7:15 mchana

Upande wa Likoni, ukishuka fuata watu mpaka pale matatu za Ukunda, utaona mwavuli wa kijani na sufuria mpya. Nipo kuanzia saa nane. Njoo na njaa, na mkeo pia aje siku moja.